Barua Zisizo na Bahasha

Mwezi wa Juni 1989 Charles W. Bailey, mkutubi katika Chuo Kikuu cha Houston, jimboni Texas, alifungua baraza lisilohitaji jengo, wala samani, wala ufunguo. Aliliita PACS-L, kwa kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mifumo ya kompyuta iliyo wazi kwa umma. Lilikuwa ni orodha ya anwani tu, iliyokaa ndani ya kompyuta kubwa ya chuo. Aliyetaka kuingia alipeleka barua ya mstari mmoja: neno la kujiandikisha, jina la orodha, kisha jina lake mwenyewe. Mashine iliisoma barua hiyo, ikaliandika jina, ikarudisha salamu. Tangu hapo kila barua iliyotumwa kwenye orodha ilinakiliwa ikamfikia kila aliyeandikwa, naye alipojibu, jibu lake likawafikia wote.

Wakutubi wa wakati ule walikuwa na kiu na hofu kwa pamoja. Katalogi za kadi, zile droo nyembamba ambazo kwa karne nzima zilikuwa ndiyo akili ya maktaba, zilikuwa zinaondolewa, na mahali pake panawekwa vioo vya kijani vinavyometameta. Kulikuwa na diski za CD-ROM ambazo hakuna aliyejua zitadumu miaka mingapi. Mkutubi aliyekuwa peke yake na mashine mpya, katika mji mdogo, hakuwa na wa kumwuliza ila muuzaji wa mashine hiyo, na muuzaji hajapata kuitia ila bidhaa yake mwenyewe. PACS-L ilimpa wa kumwuliza. Muda haukupita mrefu wanachama wakawa maelfu, katika nchi nyingi. Mwaka 1990 orodha hiyo ikazaa jarida la taaluma, The Public-Access Computer Systems Review, lililosambazwa bure bila ya kuchapwa karatasini. Msomaji alipokea yaliyomo tu; makala aliyoitaka aliiagiza kwa amri ya mstari mmoja, na mashine ikamletea kama barua. Na hizo zilikuwa zama ambapo bei za majarida ya taaluma zilikuwa zikipanda mwaka hadi mwaka, na maktaba zikifuta moja baada ya jingine.

Vichekesho navyo havikukosekana. Aliyetaka kujitoa alipaswa kuiandikia mashine, lakini wengi waliiandikia orodha, hivyo maelfu ya watu wakapata barua ya mtu mmoja anayeomba atolewe. Kisha akatokea mwema wa kumfundisha, naye akamfundisha mbele ya wote. Kisha mkali wa kumkemea yule mwema kwa kuwajazia watu barua, naye akakemea mbele ya wote. Ni sawa na mtu anayetafuta kiatu chake kwa kipaza sauti cha msikiti.

Njia iliyopitisha barua hizo ilikuwa imefunguliwa miaka minane kabla. Mwaka 1981 Ira Fuchs wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York na Greydon Freeman wa Yale waliunganisha kompyuta za vyuo vyao kwa laini ya simu ya kukodi, wakauita mtandao wao BITNET. Herufi tatu za mwanzo zilisimamia maneno yenye maana ya "kwa kuwa ipo", yaani programu ya IBM ya kupitishia mafaili, ambayo tayari ilikuwamo katika mashine zao. Baadaye maneno yakageuzwa kuwa "kwa kuwa wakati umefika". Kilichostahili kukumbukwa zaidi ya jina ni sharti la ujirani lililowekwa. Chuo kilichotaka kuingia kilikodi laini yake chenyewe mpaka kwenye chuo cha karibu kilichokwishaingia, na kikakubali kwamba atakayekuja nyuma yake atafunga laini kwake, na barua za wengine zitapita kwake bila ya ushuru. Barua ilifika nzima katika kituo kimoja, ikalala hapo, kisha ikasafirishwa nzima kwenda kituo cha pili. Mashine ya mbele ikiwa imezimwa, barua ilingoja, mfano wa jahazi linalongoja kusi.

Hata hivyo, orodha za mwanzo zilikuwa kazi ya mkono. Mtu mmoja aliandika majina na kuyafuta, na maombi yalimlemea. Barua moja iliyokusudiwa kwa watu wengi wa Ulaya iliweza kuvuka Atlantiki mara nyingi, nakala baada ya nakala, juu ya laini nyembamba iliyogawiwa bara zima. Mwaka 1986 Éric Thomas, mwanafunzi wa École Centrale huko Paris, aliandika programu mpya iitwayo LISTSERV. Hii iliandikisha watu yenyewe, na, lililo kubwa zaidi, ilijua jiografia. Ilipeleka nakala moja tu ng'ambo ya bahari pamoja na majina ya wanaopaswa kuipata, na mashine ya ufuo wa pili ikaigawa huko huko. Nahodha yeyote wa pwani angelifahamu jambo hilo bila ya kusomeshwa: shehena huvuka mara moja, na kugawana ni bandarini.

Kabla ya wakutubi wa Houston, wanafasihi walikuwa wamekwishaionja ladha ya njia hiyo. Mei 1987 Willard McCarty alianzisha Humanist katika Chuo Kikuu cha Toronto, kwa ajili ya watu waliotumia kompyuta katika kusoma lugha, historia na maandiko ya kale. Kila aliyeingia aliombwa aandike maelezo mafupi ya maisha yake na kazi yake, na maelezo hayo yakakusanywa yakagawiwa kwa wengine. Hivyo mwenye kuchambua mashairi ya Kilatini akajikuta jirani ya mwandishi wa programu, na wote wawili jirani ya mkutubi, bila ya hata mmoja wao kuwahi kumwona mwenziwe uso.

Jambo hilo si geni kwa wapenzi wa mashairi. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutolewa mwaka 1923, mshairi wa Tanga ameweza kumjibu mshairi wa Unguja asiyemjua, na wasomaji wote wakawa mashahidi. Aliyefunga shairi lake kwa kutaja katika beti la mwisho jina lake, mji wake na hata sanduku lake la posta, alikuwa akifanya lile lile alilolifanya mwanachama wa Humanist chini ya barua yake: kusema ni nani, yuko wapi, na atapatikana vipi. Tofauti iko katika gharama. Jibu la shairi lina ada zake. Vina na mizani humlazimisha mwenye hasira atafute neno, na anapolitafuta hasira hupoa, au walau huvaa nguo. Barua ya orodha haikuwa na ada yoyote. Mtu alisoma, akachukia, akaandika na kutuma kabla chai haijapoa, na mabingwa wa taaluma zao walitukanana mbele ya hadhara kwa maneno ambayo wasingeliyasema wakikaa meza moja. Wenyewe waliita kuwashiana moto. Pengine kosa halikuwa la mashine bali la nathari.

Orodha zilitatua tatizo la kuuliza, lakini tatizo la kupata lilibaki. Vyuo vingi viliacha mafaili yao katika maghala ya wazi ambayo yeyote angeliweza kuingia na kuchukua, ila hapakuwa na faharasa ya kueleza kipi kiko wapi. Ilikuwa ni kama kuwa na maktaba elfu moja zisizo na katalogi hata moja. Aliyeliondoa tatizo hilo alikuwa mtoto wa kisiwani. Alan Emtage alizaliwa Barbados, kisiwa ambacho hakifiki hata nusu ya Pemba kwa ukubwa, akaenda kusoma McGill, Montreal. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatafutia wengine programu katika maghala hayo, na kwa kuchoka kutafuta kwa mkono aliifunza mashine izungukie maghala, iorodheshe majina ya mafaili yote, na imwonyeshe anayeuliza. Mwaka 1990 chombo hicho kikawekwa wazi kwa kila mtu. Alikiita Archie, neno la Kiingereza la nyaraka lililonyofolewa herufi moja. Huyo ndiye babu wa mashine zote za kutafutia zilizofuata, na mwenyewe hakudai hakimiliki ya uvumbuzi. Mwaka 2017 aliingizwa katika orodha ya heshima ya waasisi wa intaneti, miaka ishirini na saba baada ya kazi yake.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kikatoa Gopher, jina la mnyama mchimba mashimo ambaye ni alama ya chuo hicho. Gopher ilipanga vitu kwa ngazi: unachagua mlango, ndani yake unakuta milango mingine, mpaka ufike kwenye andiko lenyewe. Wakutubi waliipenda, kwani ilifanana na fikra zao. Wakaketi usiku na mchana kupanga maandiko ya dunia kwa masomo, kama walivyokuwa wakipanga vitabu rafuni. Mmoja wa wakutubi wa jimbo la New York, Jean Armour Polly, mwaka 1992 aliandika makala ya kuwaongoza wenziwe, akaipa jina lenye kulinganisha kazi hiyo na kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Picha ya mteleza mawimbi aliiona kwenye kitambaa cha kuwekea panya ya kompyuta yake. Tamathali hiyo ikaenea ulimwengu mzima. Lililo la ajabu ni kwamba Waswahili, wenye bahari mlangoni, hawakuichukua. Wao walishika neno kuperuzi, lenye asili ya kusoma na kupekua, na katika wavuti wakauona wavu. Mvuvi hutazama bahari kwa jicho jingine na mtalii.

Lakini mlango wa mitandao hiyo ulikuwa mwembamba, na wembamba wake haukusemwa sana na waliokuwa ndani. Si fedha peke yake wala si Kiingereza peke yake, ingawa vyote viwili vilikuwapo. Ni herufi. Utaratibu wa alama uliopangwa Marekani mwaka 1963, uitwao ASCII, una nafasi 128 tu, na zinazochapika ni 95. Humo mna herufi za Kiingereza, tarakimu, nukta na mikwaju. Hamna kingine. BITNET nayo ilitumia utaratibu tofauti wa IBM, na barua ilipovuka kutoka utaratibu mmoja hadi wa pili, hata mabano ya mraba yaliweza kufika yakiwa yamegeuka alama nyingine. Mfaransa aliandika lugha yake bila ya vitone vyake. Éric Thomas mwenyewe, aliyeijenga njia, alipita juu yake kwa jina la Eric.

Kiswahili kilipita bila ya kuvuliwa chochote. Maandishi yake ya Kilatini hayana kitone juu wala mkia chini. Hayana haja ya Q wala X. Na ile ng' ya ng'ombe hutosheka na alama iliyomo katika kila mashine. Hata shairi lilitosha. Kioo cha kompyuta kilikuwa na nafasi 80 kwa mstari, urithi wa kadi za kutoboa za IBM, na mshororo wa mizani kumi na sita, pamoja na vipande vyake viwili na mkato katikati, hukaa humo bila ya kukunjwa.

Kiswahili hicho, hata hivyo, ni cha nguo moja tu. Nguo yake ya zamani zaidi, herufi za Kiarabu, ilibaki ufukweni. Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Pate na mwaka 1728, haukuandikwa kwa herufi za Kilatini. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwa mkono wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyaandika kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor, kabla hayajatolewa kitabuni na William Hichens mwaka 1940. Sikujua hakuandika kwa mazoea tu. Aliongeza nukta na alama ili kutenganisha sauti ambazo Kilatini huzichanganya, mathalani zile t mbili za Kimvita, ya meno na ya ufizi, ambazo sikio la mwenyeji halizichanganyi hata usingizini. Mtu aliyezituma beti hizo juu ya BITNET alituma maneno, lakini sauti mbili zilifika zikiwa moja. Na hati yenyewe haikuweza kwenda kabisa. Kilichopita ni mstari wa katalogi: jina la utenzi kwa Kilatini, idadi ya kurasa, namba ya sanduku. Mtafiti wa mbali aliweza kujua kwamba kitu kipo, na hapo elimu yake ikasimama.

Ni haki kuongeza kwamba dawa ilianza kuchemshwa mapema. Oktoba 1991 toleo la kwanza la Unicode lilitolewa, na herufi za Kiarabu zimo, pamoja na zile za p na ch walizozihitaji Waajemi na Waurdu, ambazo ndizo hizo hizo walizozihitaji waandishi wa pwani. Programu za barua ndizo zilizochukua miaka mingi kuifuata.

Upande huu wa bahari, vyuo vilikuwa nje ya BITNET, na ukame wa majarida ulikuwa mkali zaidi kwa sababu yalilipiwa kwa fedha za kigeni. Barua zilipita kwa njia za panya. Huko Nairobi, kituo cha Environment Liaison Centre International kilitumia mtindo wa FidoNet, ambapo kompyuta mbili hupigiana simu, zikabadilishana furushi la barua, zikakata kabla gharama haijapanda. Asasi ya SatelLife ya Boston, iliyoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, ilipitia juu zaidi. Ilitumia setilaiti ndogo zilizojengwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza; UoSAT-3 ilirushwa Januari 1990, na vituo vya ardhini vikawekwa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Zambia zikiwamo. Setilaiti hiyo haikusimama angani. Ilipita mara chache kwa siku, na kila ipitapo ilionekana kwa muda usiotimia robo saa. Katika dakika hizo kituo kilipeleka barua zake na kuteremsha zilizoletwa, kisha kikangoja mzunguko mwingine. Msomaji wa leo anayelalamika kwamba ukurasa umechelewa kufunguka angelifaa kumfikiria mkutubi wa tiba wa wakati ule, aliyeomba makala moja kwa ajili ya daktari na kuipokea kutoka mbinguni, matini tupu bila ya picha wala majedwali, na akaona ni neema. Na ilikuwa neema. Mei 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, katika Zaire ya wakati huo, orodha ya ProMED, iliyokuwa bado haijatimiza mwaka mmoja, ndiyo iliyowafikishia madaktari wa nchi nyingi habari kwa haraka isiyowezwa na jarida lolote.

Kiswahili nacho kilipata kazi yake. Mwishoni mwa 1994 Martin Benjamin, mwanafunzi wa anthropolojia huko Yale, alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti, wenye kukusanya maneno kwa mchango wa wanaojitolea, popote walipo. Yale ndiko ilikofungwa laini ya kwanza ya BITNET, na huenda ni sadfa tu. Wapo waliouliza kwa nini kamusi ya namna hiyo izaliwe Connecticut na si Dar es Salaam au Unguja. Swali ni la haki, lakini jawabu lake ni chungu na fupi: laini ya simu ilikuwa kule.

Kufifia kwa mitandao hiyo kulikuja haraka kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1993 Minnesota ilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva za Gopher watatozwa ada. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN, kule Geneva, iliitoa wavuti yake kwa walimwengu bila ya malipo. Watu walifuata cha bure, chenye picha. Mwaka 1996 shirika lililoisimamia BITNET liliacha kuihudumia, na vyuo vikazima seva za Gopher kimoja kimoja. Ngazi zile zote zilizopangwa na wakutubi kwa masomo, kazi ya maelfu ya saa ambayo hakuna aliyelipwa mahsusi kwa ajili yake, nyingi zilifutwa bila ya nakala. Hapakuwa na ubaya wa mtu. Mashine ilizeeka, ikabadilishwa, na aliyeibadilisha hakuambiwa kwamba ndani yake mna maktaba. Jambo hili linauma zaidi kwa kuwa waliopoteza ni watu ambao kuhifadhi ndiyo kazi yao.

Kilichosalia kimesalia kwa sababu mtu fulani alikishika mkononi. LISTSERV ingali ikiuzwa na kutumiwa. Makala za jarida la Houston bado zinasomeka. McCarty alihamia London katika miaka ya tisini, akaichukua Humanist pamoja naye, na barua zake tangu 1987 zinaweza kufunguliwa na yeyote, katika herufi zile zile zisizo na rangi, na mistari isiyovuka nafasi themanini. Kamusi ya Yale imehama zaidi ya mara moja. Daftari za Mwalimu Sikujua, za wino, za karne ya kumi na tisa, ziko London katika maktaba ya SOAS. Anayezitaka huziomba, hunawa mikono, kisha huletewa mezani.